Shukrani kwa papa wa chukudu wa Birere

Papa, sikukuuliza jina. Jumamosi asubuhi, pale Birere, mtaa wa Goma, Kongo, mwanangu wa miaka sita alianza kuiga mwendo wa mzee mmoja wa magongo, huku akiita "Kilema! Kilema!" Niliona haya, nikainua mkono nimpige kofi. Wewe ukasimamisha chukudu yako, ile ya mbao ya magurudumu mawili ya kubebea mizigo, iliyojaa viazi, ukachuchumaa mbele yake: "Mtoto, yule ana jina. Twende tumuulize." Ukamshika mkono, mkaenda.

Mzee alijibu kwa upole. Akamwonyesha ncha za magongo yake, mpira umelika kwa mawe ya volkano ya 2002. Mwanangu akagusa, akauliza kama magongo yanaumiza kwapa. "Sana," mzee akasema, "hasa siku za mvua." Mtoto akaomba radhi mwenyewe, bila mimi kumsukuma.

Nchi yetu ina sheria ya kulinda haki za watu wenye ulemavu tangu 2022, lakini mimi mama yake sikuwa nimemfundisha hata kuwasalimia. Kofi langu lingemfundisha kunyamaza tu.

Sasa tukipita pale anamtafuta mzee kwa jina. Aksanti sana, Papa. Ukisoma haya, au mtu akikusomea, ujue mtoto anakuulizia pia.