Mshauri wa vijana asiwe ndiye mwenye funguo za makao

Mhariri,

Nimesoma makala yenu iliyohimiza makao ya vijana wasio na kwao yaajiri washauri nasaha. Naiunga mkono. Kasoro niliyoiona ni moja: makala ilihesabu washauri tu, haikuuliza washauri hao wanawajibika kwa nani. Kwangu mimi, niliyefanya kazi ya ulezi zamu za usiku, hapo ndipo penye shida.

Makao mengi hayana watu wa kutosha. Matokeo yake, mfanyakazi yuleyule anayepokea wageni ndiye anayegawa vitanda, ndiye anayeandika makosa kwenye daftari la nidhamu, na jioni ndiye anayeketi na kijana akimwambia, "Haya, nieleze yanayokusumbua." Nani atamweleza? Kijana wa miaka 15 aliyekwisha kulala nje anajua kupima maneno kuliko sisi. Akikiri kwamba jana alivuta bangi, kitanda kinaweza kumponyoka. Akisema anawaza kujiua, huenda akahamishwa usiku huohuo kwenda asikokujua. Kwa hiyo anajibu kwamba yuko salama, mshauri anaandika "anaendelea vizuri", na ripoti inapelekwa kwa wafadhili ikiwa imenyooka kama rula.

Kijana wa namna hiyo tunamwita msiri au mkaidi, lakini mimi namwona ana akili timamu. Kila alipomfungulia mtu mzima moyo wake huko nyuma, kuna kitu alinyang'anywa.

Uzito wa suala hili umo kwenye umri wenyewe. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kijana 1 kati ya 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19 ana tatizo la afya ya akili. Miaka hiyo ndiyo ambamo maradhi mengi ya akili huanza kujitokeza, nyumbani penye wazazi na mlo pia. Kwa aliyefukuzwa, aliyekimbia kipigo au aliyefiwa na walezi, makao huenda yakawa mahali pa kwanza ambapo mtu mzima anamwangalia kwa siku kadhaa mfululizo. Nafasi hiyo haiji mara nyingi, nasi tunaitumia kumhoji.

Tena tunamhoji kweli! Akifika anamsimulia mpokeaji yaliyomkuta. Kesho yake anamsimulia ofisa ustawi wa jamii. Wiki ijayo anakuja mtu wa kujitolea mwenye moyo mwema, naye anataka kuanza mwanzo. Kisha wageni wenye kamera. Mwongozo wa msaada wa kwanza wa kisaikolojia uliotolewa mwaka 2011 na Shirika la Afya Duniani pamoja na washirika wake unaonya waziwazi kwamba aliyepatwa na masaibu asishurutishwe kuyasimulia. Kazi tatu unazozitaja ni kuangalia, kusikiliza na kumuunganisha mtu na msaada anaouhitaji. Sijaona mahali uliposema ajaze fomu ya kurasa sita kabla hajaoga.

Walezi wa usiku huona mengi ambayo fomu hazioni. Kuna kijana anayelala na viatu miguuni. Kuna anayeficha mkate chini ya godoro hadi unaota ukungu. Mwingine akiguswa bega kuamshwa, anaamka na ngumi. Kwenye daftari la nidhamu mambo haya huandikwa uchafu, wizi na ugomvi. Mwili uliozoea kukesha kwa hofu haustarehe kwa sababu tu mlango umefungwa. Unahitaji usiku mwingi usio na tukio. Mlezi akifundishwa hivyo, atamwamsha kijana kwa kumwita jina akiwa mbali kidogo, na ngumi zitapungua. Huo nao ni ushauri nasaha, na hauhitaji chumba maalumu.

Ninachopendekeza ni kwamba mshauri asiwe na mamlaka yoyote juu ya kitanda, chakula wala adhabu. Asimamiwe na mtaalamu wa nje ya makao, na kumbukumbu zake zisifikiwe na meneja. Siku ya kwanza amwambie kijana mipaka ya siri kwa lugha nyepesi: nitatunza unayoniambia, isipokuwa nikiona maisha yako au ya mwenzako yako hatarini, au kuna mtu anayekudhulumu, na hata hapo nitakueleza wewe kwanza ninakwenda kumwambia nani. Vilevile kukutana na mshauri kusiwe sharti la kupewa kitanda. Kijana anayeketi kwenye kiti kile kwa kulazimishwa anahesabu dakika tu.

Najua jibu la wasimamizi: fedha hazipo, wanasaikolojia ni wachache. Ni kweli. Ila Zimbabwe imeonyesha njia nyingine. Mwaka 2006 daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianzisha utaratibu wa mabenchi ya urafiki, ambapo wahudumu wa jamii, wengi wao bibi, hufunzwa kuzungumza na wenye msongo na sonona. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha dalili zilipungua zaidi kwa waliopata huduma hiyo kuliko kwa waliopata huduma ya kawaida. Waliochunguzwa walikuwa watu wazima, sikusudii kudai kwamba kila kitu kitahamia kwa vijana kama kilivyo. Lakini bibi yule hana orodha ya kumfukuza mtu popote, na nyuma yake yupo mtaalamu wa kumpelekea wagonjwa waliomshinda. Hayo mawili yanawezekana hata kwenye makao yenye kipato kidogo.

Suala la mwisho ni muda. Vijana hawakai. Wengine huondoka baada ya siku chache, na siku anayoondoka ndiyo siku uhusiano na mshauri unapokatwa, utadhani huzuni yake ilikuwa mali ya jengo. Kifungu cha 39 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 kinazitaka nchi zimsaidie mtoto aliyetelekezwa au kudhulumiwa apone kimwili na kisaikolojia, na arejee katika jamii. Hakisemi haki hiyo inakoma anaporudisha blanketi. Mshauri aruhusiwe, na alipwe, kuendelea kuonana na kijana huyo huko aliko, au ampokee akirudi hata kama alitoroka.

Naomba gazeti lenu, mtakapoandika tena, mwaulize wasimamizi wa makao nani anasoma maandishi ya mshauri, na kijana aliyekiri kosa mbele ya mshauri alilala wapi usiku ule.

Mlezi wa zamu ya usiku