Jaza hiyo fomu

Morogoro

Swahiba wangu,

Hongera ya kazi ya ufundi wa laini za umeme. Umeniuliza kwenye ujumbe wako: mshahara wenyewe hujauzoea, tayari mtu wa chama cha wafanyakazi amekuletea fomu ya TUF 6 uidhinishe ada ya chama ikatwe kwenye mshahara. Ujaze au uiache?

Jaza.

Najua utaniambia viongozi wa chama huonekana Mei Mosi wakigawa fulana na kofia, kisha kimya mpaka Mei nyingine. Wapo, sikatai, hapa kwetu kwenye maji tulikaa na mmoja wa aina hiyo kipindi kizima. Ila tazama tulipo sisi. Wa kiwanda cha nguo akibanwa, akifuata utaratibu, anaweza kugoma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imeuweka umeme na maji kwenye huduma muhimu, pamoja na afya, zimamoto na waongoza ndege, na huko kwa kawaida mgomo umezuiwa. Sababu naielewa, nani anataka wodi ya wazazi ikae gizani kwa ajili ya posho yetu? Lakini mgomo ukishaondolewa, nguvu yetu kubwa inabaki kwenye meza ya majadiliano, na chama hupata haki ya kukaa pale kwa niaba yetu kikiwa na wengi wa wafanyakazi. Anayekaa nje anaipunguza hesabu hiyo.

Tena kukaa nje si bure. Chama chenye wengi kinaweza kukubaliana na mwajiri kwamba wasio wanachama wakatwe ada ya uwakala, mradi isizidi ya mwanachama. Utakatwa, na kura huna. Vijana wetu hapa wananiudhi kwa hilo: kantini wanaongea kushinda wote, siku ya uchaguzi wa tawi wanachungulia dirishani.

Kuhusu mkataba wa hali bora, yaani ule chama kinaosaini na mwajiri kwa niaba yenu, wengi husoma nyongeza ya mshahara wakaufunga. Wewe anza na vifaa vya kazi. Laini imezimwa, umeambiwa panda, na mtaa wa pili mwenye duka amewasha jenereta aliyoiunga bila swichi ya kubadilishia, ile inayoitenga na laini. Umeme unapita kwenye transfoma kinyumenyume, na kule juu uliko wewe unafika ukiwa volti 11,000. Ndiyo maana mnapima kwanza, kisha mnaiunganisha laini na ardhi pande zote mbili za mnapofanyia kazi. Sasa gari likiwa na seti moja tu ya waya za kuunganishia na ardhi, na msimamizi anahimiza kwa kuwa simu za wateja hazikatiki, nani atasema hatupandi? Wewe uliye kwenye kipindi cha majaribio ya kazi?

Kwetu ilikuwa chemba za majitaka. Mtu akishuka bila kupima gesi anaweza asipande tena, na kipimo kilikuwa kimoja, mara nyingi kiko upande mwingine wa mji. Tukiomba mmoja mmoja, jibu ni bajeti. Kamati ya tawi ikaliweka kwenye muhtasari wa kikao, mwajiri akasaini, na baada ya hapo hakuna mkubwa aliyetaka ajali itokee huku karatasi ile ikiwa kwenye faili. Vipimo vikanunuliwa. Chama hakikufanya muujiza wowote, kiliandika tu kitu ambacho fundi mmoja akikisema huitwa mkaidi.

Ukishajiunga, dai nakala ya mkataba wenu na uniletee nilinganishe na wetu, hasa malipo ya dharura za usiku. Ukiona hawakufai, andika kujitoa. Notisi ni ya mwezi mmoja. Ila kabla ya hapo gombea ujumbe wa kamati, maana mdomo unao tangu shule.

Mama anauliza kama mchele umekufika. Mpigie leo, ameanza kunishuku mimi.

Wako,
Fundi bomba