Harambee ya Mashua ya Vijana wa Karagita

Wazazi wetu, majirani, na ndugu zetu mliokwenda kutafuta riziki mbali lakini mama zenu bado wako hapa Naivasha, hamjambo.

Kikundi cha vijana cha kanisa letu kinawakaribisha harambee Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, mara tu baada ya ibada ya pili, hapo uwanjani. Tunachanga pesa za mashua ya kufundishia vijana uvuvi wa mashindano kwa mshipi na ndoana.

Mzee mmoja alituuliza, "Kuvua nako kuna mashindano?" Yapo, tena makubwa. Mwaka 1971, huko Lake Mead, Marekani, Bobby Murray alishinda dola 10,000 kwa kuvua samaki aitwaye besi. Miaka hii ya karibuni bingwa wa mashindano hayohayo hupata dola 300,000, na shule za sekondari za huko zina timu za uvuvi kama zetu zilivyo na timu za voliboli. Sasa sikilizeni: besi huyo wa mdomo mpana aliletwa ziwani Naivasha kutoka Marekani tangu miaka ya 1920. Samaki anayewapa wenzetu kazi yumo humu, nyuma ya mashamba ya maua mnakoamkia kila alfajiri.

Hatutawadanganya wazazi. Wanaoishi kwa zawadi peke yake ni wachache. Hata Marekani wengi hujilipia viingilio na kutafuta wadhamini. Kijana wetu ataanzia chini. Ajue kuogelea, kufunga fundo lisilofyatuka, kutengeneza injini, kuusoma upepo wa ziwa hili unaovuma alasiri, na awe na leseni. Hapo anaweza kulipwa kwa kuwatembeza wageni wanaokuja kuvua. Akiiva, Watamu na Malindi ziko mashua zinazofuata nduaro na sulisuli, samaki wakubwa wa baharini, na zinahitaji manahodha na wasaidizi. Huko ndiko atakutana na washindani wa kweli, na jina lake litaanza kujulikana.

Kipaji kipo. Mwezi uliopita nilimwona binti wa miaka 17, mshipi wake kauzungushia chupa ya soda, akimvuta besi wa kama kilo moja. Kabla ya kumgusa alichovya mikono majini, maana mkono mkavu humtoa samaki utelezi unaomkinga. Akamshika mdomo wa chini, akachomoa ndoana, akamshikilia ndani ya maji mpaka mkia ulipoanza kucheza, ndipo akamwachia. Hakufundishwa na mtu. Katika mashindano mengi ya besi samaki hupimwa wakiwa hai kisha wakarudishwa majini, na akifa mmoja unakatwa uzito. Binti yule tayari anajua nusu ya kazi.

Lakini alikuwa amesimama kwenye maji ya kiunoni, kando ya mafunjo, mahali viboko wanapopita. Hilo ndilo linalotunyima usingizi. Vijana wetu wengi huvua hivyo, bila mashua wala leseni, wakikimbizwa na doria upande mmoja na kiboko upande wa pili. Mwaka jana tulikodi mashua siku moja, ikaanza kuingiza maji tukiwa mbali na ufuo, na jaketi za kuokoa maisha zilikuwa mbili kwa watu saba. Tulirudi salama kwa neema ya Mungu. Hatukukodi tena.

Mashua ya fiberglasi na injini yake ni shilingi 520,000. Jaketi 12 ni 42,000, fimbo 8 za kuvulia na mishipi yake 48,000, mafunzo ya kuogelea na huduma ya kwanza 30,000. Jumla 640,000. Kwa kuosha magari na kuuza maandazi vijana wenyewe wameshaweka 187,000 benki. Zimebaki 453,000.

Mchango mpeni mweka hazina wa kanisa mkononi, au kwa namba ya M-Pesa iliyobandikwa mlangoni pa ofisi, na kila anayetoa ataandikiwa risiti. Aliye mbali amtume mtu wake. Mama mboga akileta shilingi hamsini, jina lake litasomwa kama la mwenye elfu hamsini. Na kama una jaketi la kuokoa maisha limekaa tu nyumbani, tuletee hata hilo moja.