Hati za wazee wa Kichina zisomwe kabla ya kunyimwa viza

Mhariri,

Mke wangu ni Mchina, tunaishi Marekani, na wakwe zangu wamenyimwa viza ya utalii ya kuja kumwona mjukuu wao. Kifungu cha 214(b) cha sheria ya uhamiaji kinamhesabu mwombaji kuwa mhamiaji hadi athibitishe kwamba atarudi kwao. Sawa. Lakini wazee wenye pensheni, nyumba na ndugu huko China watathibitishaje katika mahojiano ya dakika chache, bahasha ya hati ikiwa haijafunguliwa? Ada ya dola 185 hairudishwi, wala hakuna rufaa. Tangu Novemba 2014 Wachina huweza kupewa viza ya hadi miaka 10, jambo jema sana. Basi maofisa wazisome hati hizo, na wakikataa waandike sababu mahususi.

Msomaji wenu,
Houston, Marekani