Kamshafti ya mbio bila konveta yake ni hasara

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua niongezee pale ilipoishia safu yenu ya magari, iliyowaambia wenye gari za otomatiki kwamba kuweka kamshafti ya mbio, yaani mhimili unaoendesha valvu za injini, ni kazi ya kufungua ya zamani na kufunga mpya tu. Kufunga, inafunga. Kinachofuata baada ya hapo hakikuandikwa, na ndicho kinachowaleta watu kwenye gereji yetu hapa Houston, Texas, ninakotengeneza giaboksi.

Kamshafti ya mbio huziacha valvu wazi muda mrefu zaidi, na kuna kipindi valvu ya hewa na ya moshi zote ziko wazi kwa pamoja. Injini ikiwa juu, hiyo ni faida. Ikiwa kwenye sailensi, yaani inanguruma polepole bila kukanyagwa mafuta, moshi unarudi ndani, mchanganyiko unavurugika, injini inatetemeka. Mtetemeko huo ndio sauti wanayoipenda vijana, na sikatai, ni tamu. Ila nguvu iliyokuwa chini imehamia juu, na gari halijui kusubiri.

Hapo ndipo konveta inapohusika. Inakaa kati ya injini na giaboksi, imejaa oili: mapanga ya upande wa injini yanaisukuma, ya upande wa giaboksi yanasukumwa nayo, na katikati kuna stata inayoigeuza oili irudi kusaidia badala ya kupinga. Gari linapoondoka, nguvu ya kuzungusha huongezeka mara mbili hivi. Mjerumani Hermann Föttinger alisajili hataza ya mfumo huu mwaka 1905, akifikiria meli. Ikiwa nyuma ya injini fulani, kila konveta ina kiwango cha mizunguko kwa dakika ambacho injini haivuki kama magurudumu hayajaondoka; hapo ndipo tunasema inashikia. Kwa injini nyingi za V8 (silinda nane) za zamani za Kimarekani, konveta ya kiwandani hushikia kwenye 1,600 hadi 1,800.

Nichukue Camaro moja tuliyoipokea, injini ya Chevrolet 350, giaboksi TH350 ya gia tatu. Mwenyewe alikuwa amefunga kamshafti inayoiacha valvu wazi kwa nyuzi 230 za mzunguko, zikipimwa valvu ikiwa imenyanyuka inchi 0.050. Kamshafti ya namna hiyo huanza kuvuta vizuri kwenye 2,300 hivi. Konveta ilikuwa ya kiwandani. Akiingiza D, gia ya kwenda mbele, injini inazima. Akapandisha sailensi hadi 1,200. Sasa gia inaingia kwa kishindo na kwenye taa nyekundu gari linamsukuma, wakati huohuo pedali ya breki imekuwa ngumu, maana kamshafti kama hiyo hupunguza uvutaji wa hewa ambao buster, kifaa cha kulainisha breki, inautegemea. Fundi mwingine akamuuzia konveta ya 3,500. Ikaondoka vizuri mno! Lakini difu yake, gia za ekseli ya nyuma, ilikuwa 2.73, yaani mizunguko 2.73 ya shafti kwa mmoja wa gurudumu, na kwa tairi za inchi 26 mwendo wa kilomita 100 kwa saa huiweka injini kwenye 2,200 tu. Kwa hiyo barabara kuu yote konveta ilikuwa inateleza, na mteleko wa oili ni moto. Oili ikatoka nyeusi, inanuka kuungua.

Tulifunga konveta ya inchi 10 inayoshikia karibu 2,800, yaani mizunguko kama 500 juu ya pale kamshafti inapoamka, tukabadili difu kuwa 3.73, tukaongeza kipoza oili cha peke yake mbele ya rejeta. Kwa mwendo uleule wa kilomita 100 injini sasa iko karibu 3,000, juu ya pale konveta inaposhikia.

Jambo linalowapoteza wengi ni namba iliyoandikwa kwenye boksi. Konveta haina namba yake ya kudumu. Konveta ileile ikiwekwa nyuma ya injini yenye nguvu zaidi itashikia juu zaidi. Nyuma ya injini dhaifu itashikia chini. Muuzaji anayekuuzia bila kuuliza uzito wa gari, uwiano wa difu, kimo cha tairi na kadi ya vipimo vya kamshafti, anauza chuma tu. Wala usiipime namba hiyo mwenyewe kwa kukanyaga breki na mafuta pamoja muda mrefu. Zikizidi sekunde tano unachemsha oili, na injini yenye nguvu itazungusha magurudumu ya nyuma kabla hujafika kwenye namba ya kweli. Watu wasisimame mbele ya gari, hili nalisema kila mara na kila mara yupo wa kusimama.

Vijana wa nyumbani hunipigia kuhusu Toyota Mark II otomatiki zenye injini ya 1JZ. Kama ni gari la kwendea kazini na kukaa kwenye foleni ya Dar, jibu langu ni kamshafti ya kiwandani ibaki ilipo. Fedha hiyo inatosha kununua oili sahihi ya giaboksi, chujio na kipoza. Anayetaka mbio kweli apange bei ya kamshafti, konveta, difu na kipoza kwenye karatasi moja kabla hajanunua hata boliti. Naomba ndugu mwandishi wa safu aichape orodha hiyo katika toleo lijalo.

Fundi giaboksi, mzaliwa wa Tanga,
Houston, Texas