Ulimwona pale njia panda

Shoga yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Nimekupigia tangu jana jioni mara sita, simu inaita mpaka inakata. Labda unadhani nataka kukugombeza. Basi nimeamua kuandika, na barua namkabidhi mdogo wako, nimemwomba asiondoke mlangoni kwako mpaka umeisoma yote. Najua tumekaa kimya tangu msiba wa shangazi, na nusu ya kosa hilo ni langu. Yangu nitakueleza siku nyingine. Leo ni habari ya binti wa Mwalimu, aliyepotea mlimani tangu Jumamosi.

Ile sauti uliyorekodi imenifikia. Shemeji alinitumia, hata hakujua ni wewe, maana naye kaipata kwa mtu aliyeipata kwa mtu. Mimi nilikutambua kwa neno la kwanza. Nimeisikiliza yote, dakika 11, mara tatu. Mara ya kwanza nililia. Mara ya pili nilikasirika. Mara ya tatu nikasikia jambo ambalo nadhani wewe mwenyewe ulilisema bila kulisikia, na ndilo lililonifanya nikutafute usiku kucha. Nitalifikia. Niache kwanza nitoe la moyoni.

Unasema mchumba wake anajua alipo, kwa sababu hajatoa chozi na kila akiulizwa anasimulia vilevile, neno kwa neno. Shoga, tangu Jumamosi yule kijana anaulizwa maswali yaleyale na polisi, na waokoaji, na ndugu, na watu asiowajua. Nani asingeyakariri? Mama Mwalimu ananiambia anashinda mlimani akiita jina lake mpaka sauti imemkauka, na akishuka anakuta watu wanamsubiri kwenye maegesho wampige picha. Na hilo la chozi, wewe ndiye wa kulisema? Siku tunamzika shangazi ulipanga viti, ulipokea wageni, ulihesabu michango, hukulia mpaka wiki ya tatu. Hakuna aliyekutuhumu.

Mwaka 2019, kule Maui, Hawaii, mwanamke mmoja aliingia msituni kutembea, hakurudi. Gari lilikuwa maegeshoni na simu yake ndani. Macho yote yakamgeukia mpenzi wake, mpaka akakubali kupimwa kwa mashine ya kutambua uongo. Baada ya siku 17 helikopta ikamwona yule mwanamke kwenye bonde la kijito, amevunjika mguu, hai. Alikuwa amepotea, basi. Nalishikilia sana hilo la siku 17. Leo ni siku ya nne.

Halafu lile sweta lililookotwa. Kwanza halijajulikana ni la nani. Lakini hata likiwa lake, wewe unasema hakuna anayevua nguo kwenye baridi ile isipokuwa amevuliwa. Wapo wanaovua. Mwili ukishapoa kupita kiasi, mishipa ya damu iliyokuwa imejibana chini ya ngozi huachia, damu ya moto inarudi juu, na mtu anayekufa kwa baridi anahisi anaungua. Anavua mwenyewe. Wengine hujipenyeza chini ya magogo au kwenye mashimo, na wanaowakuta hudhani wamefichwa. Waokoaji wanalijua hilo. Sisi tulio mbali tukisikia, tunaona mkono wa mtu.

Na simu yake. Kwamba ilishika mnara wa ng'ambo ya bonde, kwa hiyo alibebwa na gari. Mlimani simu si lazima ishike mnara ulio karibu, huweza kushika wa mbali usiozibwa na jabali. Na ikikosa mtandao inahangaika kuutafuta mpaka chaji inakwisha, kwa hiyo kuzimika kwake si lazima iwe kazi ya mtu.

Sikuandikii kana kwamba mimi ni msafi. Jumapili nilimwambia dada yako habari za gari jeupe lililoonekana karibu na lango, nami nilikuwa nimezisikia tu. Kesho yake zilikuwa zimefika kwa Mama Mwalimu, akaniuliza kwa sauti ndogo kama ni kweli. Sikuwa na la kumjibu. Ndiyo maana nakwambia.

Sasa lenyewe. Dakika ya nane, ukiwa katikati ya kueleza kwamba walikuwa wamegombana, unasema hivi: wewe mwenyewe ulipishana na binti Jumamosi asubuhi pale njia panda, kabla ya daraja la magogo, yuko peke yake, akakwambia mwenzake ametangulia juu na yeye anateremka kidogo kuuona mto. Ukaendelea. Ukaifanya ushahidi wa ugomvi na ukapita.

Shoga, kikosi cha waokoaji hakijui kwamba aliteremka! Mchumba wake aliwaambia binti alikuwa nyuma yake wakielekea kileleni, kwa sababu ndivyo alivyodhani. Siku nne wanachana vichaka vya mgongo wa juu. Nilimuuliza shemeji, naye yumo kwenye wanaojitolea, akasema ramani yao inaanzia pale kwenye benchi la mapumziko. Kazi yote huanzia mahali mtu alipoonekana mara ya mwisho. Wanazungusha duara kutoka hapo, na umbali wa duara ukiongezeka mara mbili, eneo la kutafuta linakuwa mara nne. Sasa fikiria duara lenyewe limechorwa mahali ambapo hakufika. Na bonde la mto limeelekea wapi? Upande wa ule mnara. Mimi si mtaalamu, lakini usiku huu sijalala.

Huko Maine, Marekani, mwaka 2013, mama wa miaka 66 alitoka kidogo kwenye njia ya Appalachian, ile njia ndefu ya watembea kwa miguu, kwenda kujisaidia, akashindwa kuiona tena. Alijaribu kutuma ujumbe, hakukuwa na mtandao. Aliishi kwenye hema lake siku 26 au zaidi, akiandika kwenye daftari. Walimpata baada ya miaka miwili, na hata kilomita moja kutoka njiani haikufika. Nikilikumbuka hilo daftari nashindwa kukaa.

Nimeshawapigia kikosi. Wameandika jina langu, wakasema wanataka kumsikia aliyeona kwa macho yake. Kwa hiyo nakuomba, ukimaliza kusoma, vaa viatu uende kituoni, au waite waje. Usiwape maoni kuhusu mchumba wake, nakusihi. Wape ulichokiona tu. Wala hakuna atakayekulaumu kwa kuchelewa, hukujua kwamba ndicho kinachotafutwa. Na ile sauti ifute, kisha umwambie kila uliyemtumia nao wafute. Haitarudi yote, najua.

Ilikuwa saa ngapi mlipopishana? Ulikuwa ndiyo unapanda au umeshaanza kurudi? Alivaa koti la rangi gani, na alikuwa na mkoba mgongoni au mikono mitupu? Viatu je? Alisema mto tu, au alisema maporomoko? Alishika njia ya kushoto, ile yenye tope, au alivuka daraja kwanza? Maji yalikuwa juu? Kulikuwa na mtu mwingine nyuma yako ambaye huenda naye alimwona? Hukupiga picha yoyote asubuhi ile, hata ya maua, ambayo ina saa yake?

Na wewe mwenyewe, unalala? Maana nimeisikia sauti yako, na chini ya maneno yale yote nilisikia mtu aliyeogopa sana. Ni kwa sababu ulikuwa wa mwisho kuongea naye?

Mdogo wako ana gari hapo nje. Nenda naye.

Ni mimi, shoga yako.