Vitabu vya picha vitoke kabatini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme na walimu wakuu, maofisa elimu kata na wazazi wenzangu kuhusu vitabu vya hadithi vya picha, vile vya watoto wa madarasa ya chini.

Ninafundisha Darasa la Kwanza katika shule ya msingi ya serikali wilayani Maswa, mkoani Simiyu. Mwaka huu nina watoto 94. Mimi ni mzaliwa wa Pangani, Kiswahili nimekinyonya kwa mama. Wanafunzi wangu wengi wamenyonya Kisukuma, na Kiswahili wanakutana nacho mlangoni pa darasa. Tunatakiwa kuwafundisha KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, ndio mkazo wa mtaala wa madarasa haya tangu mwaka 2015. Lakini mtoto atasomaje neno ambalo hajawahi kulisikia likisemwa?

Ndipo ninapokitafuta kitabu cha picha. Kina kurasa 16, ukubwa wake hauzidi daftari, hivyo siwezi kuwasomea wote 94 kwa pamoja. Wa nyuma wangeona jalada tu. Nawagawa. Nusu wanabaki darasani wakiumba herufi, kiranja akiwaangalia, na nusu natoka nao chini ya mwarobaini. Wanakaa chini nusu duara. Kitabu nakishika ubavuni kwangu, kikiwatazama wao, nasoma sentensi moja kisha nakizungusha polepole kutoka mkono wa kushoto hadi wa kulia. Sifungui ukurasa mwingine mpaka wa pembeni kabisa nao wamecheka. Mwalimu akiharakisha hapo, wale wa pembeni wanaanza kuchezea mchanga, na hadithi imeshakwisha kwao.

Kulikuwa na mtoto mmoja wa kiume ambaye tangu Januari hadi Aprili hakuwa ametamka neno la Kiswahili mbele yangu. Akiitwa jina anasimama tu, macho chini. Siku hiyo nilikuwa nasoma hadithi ya mbuzi aliyekula khanga ya bibi iliyoanikwa uani. Kwenye picha ya tano bibi ameinama anachungulia uvunguni mwa kitanda. Maandishi yanasema bibi alimtafuta mbuzi, basi. Mbuzi alipo hayasemi. Ila kwenye kona, nyuma ya mtungi, umechomoza mkia.

Nikauliza, "Mbuzi yuko wapi?" Kimya. Mara yule mtoto akainuka, akapita katikati ya wenzake, akaja kuweka kidole juu ya ule mkia. "Mbuli!" Wenzake wakashangilia. Nikamwambia, "Ndiyo mwanangu, mbuli. Kwa Kiswahili tunasema mbuzi." Akasema, "Mbuzi." Kisha akanitazama usoni, akasema tena, "Mbuzi, mwalimu." Kesho yake nilimkuta mlangoni ananisubiri, ananionyesha kwa mikono umbo la kitabu.

Sikuwa nacho. Kilikuwa kimerudishwa kwenye kabati la chuma ofisini, na kwenye leja kimeandikwa "kimechafuka". Uchafu wenyewe ni alama ya kidole cha mtoto yule.

Sisemi haya kumlaumu mtu. Anayeshika leja naye ataulizwa, na hofu hiyo naielewa. Mradi wa Vitabu vya Watoto ulipoanza nchini mwaka 1991, vitabu vya kuwasomea watoto vilikuwa adimu kweli kweli. Waliopitia miaka ile wakazoea kukitunza kitabu kama hati ya nyumba. Leo kabatini kwetu vimo, baadhi bado vinanukia wino, wakati watoto wapo mita 20 kutoka hapo wanaimba silabi ba be bi bo bu ubaoni. Inaniuma sana.

Ombi langu ni kwamba kitabu cha hadithi kihesabiwe kama chaki, kitu ambacho kazi yake ni kuisha. Mwalimu asitakiwe kulipa ukurasa uliochanika mikononi mwa watoto waliokuwa wanasoma. Ratiba ya Darasa la Kwanza na la Pili iwe na dakika 20 kila siku za kusomewa hadithi kwa sauti, zisiliwe na vikao wala usafi wa mazingira. Na wachapishaji watufikirie sisi wenye madarasa makubwa, hasa baada ya elimu bila ada kutuletea watoto wengi tangu 2016: tutolewe nakala moja moja kubwa, ya upana wa kalenda ya ukutani, mkia wa mbuzi uonekane hata na aliyekaa mwisho.

Kwa sasa hata kile kidogo kinanitosha. Nikikabidhiwa saa mbili asubuhi, saa mbili na nusu watoto 47 watakuwa wamekaa chini ya mwarobaini.

Mwalimu wa Darasa la Kwanza,
Maswa, Simiyu